Zamu ya Kisima, Zamu ya Kiwanja
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita niliahidi kwamba tukirudi Garbatulla, kwa Waborana wa kaunti ya Isiolo, tutaanzia kisimani kabla ya kwenda kiwanjani. Haya, twende.

Waborana wana cheo ambacho hakina ofisi wala muhuri: aba herega, msimamizi wa zamu za maji. Kiangazi kikikaza, yeye ndiye husema ng'ombe wa nani watangulie, ngamia wa nani wangoje, na mpita njia mwenye mbuzi wenye kiu apenyezwe wapi. Malisho nayo yana wazee wake, jarsa dedha, wanaoamua eneo lipi lifungwe hadi ukame na lipi liliwe sasa. Hata aba gada, kiongozi mkuu katika mfumo wa gada ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2016 kwa upande wa Ethiopia, hukaa miaka 8 kisha humwachia mwenzake. Kwa Waborana wa Waso, yaani wa bonde la Ewaso Ng'iro, ambao wengi wao ni Waislamu, gada imefifia. Haja ya kupanga zamu ya maji haijafifia, wala haitafifia maadamu mvua ni zile zile.

Nayasema haya kwa sababu uongozi hapa ulikuwa kazi ya kushika kwa mikono. Kijana aliteka maji, akachunga, akasikia wazee wakibishana, akakabidhiwa kundi dogo, akaaibika likipotea. Kisha mnyororo huo ukakatika. Katika vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, kati ya serikali ya Kenya na waasi waliotaka kujitenga, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na askari, Garbatulla ikiwa mojawapo, na mifugo mingi ikateketea. Gudrun Dahl, mtafiti kutoka Uswidi, aliandika juu ya umaskini uliofuata katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu Waborana hao. Mtoto asiye na ng'ombe hafundishwi zamu ya ng'ombe. Akapelekwa shule, na huko, mara nyingi, akakuta kiranja ni yule aliyeteuliwa na mwalimu.

Na kiwanja je? Kila uchaguzi ukikaribia, katika nchi hii nzima, mipira humwagwa kama mahindi ya msaada. Mashindano huchezwa wiki mbili, kombe huwa na jina la mgombea, fulana huwa na picha yake. Nahodha ni yule anayefunga mabao. Sijaona uongozi uliofundwa hapo, labda wa mgombea mwenyewe.

Kuna waliofanya vingine. Mathare, Nairobi, mwaka 1987, Bob Munro alianzisha pamoja na vijana wa mtaa chama cha michezo cha MYSA. Timu hupata pointi kwa kushinda, na hupata pointi nyingine kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa wao. Vijana wenyewe hupanga ratiba, hupuliza filimbi, hufundisha wadogo. Anayejitolea zaidi huweza kupata tuzo ya kulipiwa karo. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United mwaka 1994, nayo ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kombe lilikuja baadaye, mitaro ilitangulia.

Karibu zaidi na Garbatulla, Marsabit, mwanasheria Fatuma Abdulkadir Adan kupitia shirika lake la HODI alichanganya vijana wa makabila yanayohasimiana katika timu moja, katika nchi iliyokuwa na jeraha la mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Ukimhitaji mtu wa kabila jingine akupe pasi, huna budi kulijua jina lake. Baadaye akawaingiza wasichana, na haikuwa rahisi: ilibidi wazee waridhishwe, na mavazi yawe ya stara.

Basi Garbatulla ichukue nini? Si Mathare nzima nzima. Mathare haina fora. Ukame ukibana, mifugo huhamishiwa fora, yaani kambi za mbali, na pamoja nayo huondoka kipa, beki na nahodha. Timu iliyomtegemea mtu mmoja hufa siku hiyo. Timu iliyoigawa kazi kwa zamu hubaki: leo huyu ni nahodha, mwezi ujao yule, mmoja anatunza mpira na daftari la fedha, mwingine anaandika ratiba, wa tatu ni refa wa watoto. Mchezaji akirudi kutoka fora, anakuta nafasi yake inamngoja, kama vile kundi lililochelewa linavyongoja zamu kisimani. Wazee wa Waso hawahitaji semina kulielewa hilo. Huenda wao ndio wakawa walimu.

Shule nazo zina mlango mpya. Katika mtaala wa umilisi, sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu za shule ya upili ya juu, pamoja na sayansi na masomo ya jamii. Mzazi aliyezoea kumwambia mwanawe aache mpira ashike kitabu ana sababu ya kufikiri upya. Lakini aangalie: kitabu kisiachwe. Mchezaji asiyeweza kusoma taarifa ya fedha ya timu yake ataongozwa na anayeweza, na si lazima huyo awe mwema.

Kwa makocha wa Garbatulla, Kinna na Sericho nina ombi moja. Ijumaa hii, mazoezi yakiisha na mechi ikianza, mpeni filimbi na daftari msichana wa miaka kumi na sita, mkae kando ya kiwanja, msimsahihishe mpaka mechi imalizike. Kisha niandikieni mlichokiona; barua zenu zitaingia katika sehemu ya tatu.