Maharagwe ya kopo: lishe ya kweli au chakula cha dharura tu?

Msikilizaji, ukiingia katika duka lolote kubwa la vyakula nchini Uingereza hutakosa kuyaona makopo ya maharagwe meupe madogo yaliyozama katika rojo la nyanya. Wenyeji huyala asubuhi pamoja na mayai, huyala mchana juu ya kiazi kilichookwa, na jioni huyamwaga juu ya mkate uliobanikwa. Mswahili aliyehamia huko aghalabu huyapokea kwa shaka. Wengine huyaita chakula cha wanafunzi na wafanyakazi wa zamu ya usiku, yaani watu waliokosa wakati wa kupika. Na wapo wanaoamini kwamba chochote kitokacho katika kopo kimekwisha kupoteza faida yake mwilini. Je, shaka hiyo ina msingi?

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza huitwa maharagwe yaliyookwa, lakini ukweli ni kwamba hayaingii katika tanuri. Katika kiwanda kama kile cha kampuni ya Heinz kilichoko Kitt Green, Wigan, kilichofunguliwa mwaka 1959, maharagwe makavu huchambuliwa, huchovywa katika maji ya moto, hutiwa ndani ya kopo pamoja na rojo, kisha kopo hufungwa na kupikwa kwa mvuke wenye joto kali. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu, na ndilo linaloyawezesha maharagwe hayo kukaa muda mrefu bila kuharibika. Baadhi ya vitamini hupungua kwa joto, hasa vitamini C. Protini, nyuzinyuzi na madini hubakia, kwa kuwa hakuna maji yanayomwagwa baada ya kopo kufungwa.

Nusu ya kopo la kawaida, yaani gramu 200 hivi, ina kalori zipatazo 160, protini karibu gramu 10, nyuzinyuzi kati ya gramu 7 na 8, na mafuta yasiyofikia hata gramu 1. Ili kuelewa uzito wa takwimu hizo, yai moja lina protini gramu 6 au 7. Ama nyuzinyuzi, serikali ya Uingereza inashauri mtu mzima apate gramu 30 kwa siku, na watu wengi hawafikii kiwango hicho. Nusu kopo peke yake hutoa takriban robo yake. Idara ya afya ya nchi hiyo huyahesabu maharagwe hayo kuwa fungu moja kati ya mafungu matano ya matunda na mboga yanayopendekezwa kila siku. Lakini huhesabiwa mara moja tu, hata mtu akila makopo matatu.

Protini ya maharagwe ina upungufu wa sehemu fulani ambayo hupatikana kwa wingi katika nafaka, na ya nafaka nayo ina upungufu ambao maharagwe huuziba. Kwa hiyo mkate na maharagwe hukamilishana, sawa na wali kwa maharagwe, ugali kwa maharagwe, au makande. Bibi zetu walilijua jambo hilo bila ya maabara. Si lazima vitu hivyo viwe katika sahani moja; inatosha vikiliwa katika siku moja.

Wanga wa maharagwe husagwa polepole tumboni, na hivyo sukari katika damu haipandi kwa ghafula. Kwa jamaa zetu wanaoishi na maradhi ya kisukari, ambayo yameenea sana katika nchi za Ghuba, kupunguza wali katika sahani na kuongeza maharagwe ni badiliko dogo lenye faida.

Basi lawama iko wapi? Iko katika rojo, wala si katika punje. Nusu kopo ina sukari karibu gramu 9, kiasi cha vijiko viwili vya chai, ingawa sehemu yake hutokana na nyanya na maharagwe yenyewe. Hofu ya sukari hii, kwa maoni yangu, imetiwa chumvi mno: kopo moja la soda ya kola lina gramu 35. Chumvi ndiyo inayostahili kutazamwa. Nusu kopo ina gramu 1.2 hivi, na kiwango cha juu kwa mtu mzima nchini Uingereza ni gramu 6 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka iwe chini ya gramu 5. Ongeza vipande viwili vya mkate, siagi na jibini, na mlo huo mmoja umeshachukua gramu 2 au zaidi. Mwenye shinikizo la damu achague makopo yaliyopunguzwa chumvi na sukari, ambayo yapo karibu kila duka.

Akina mama walio na watoto wachanga wawe waangalifu zaidi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupata chumvi inayofikia gramu 1 kwa siku nzima, na kwa mtoto kama huyo vijiko vichache vya maharagwe haya ni vingi. Kwake ni afadhali maharagwe makavu yaliyochemshwa nyumbani bila chumvi na kupondwa.

Hata hivyo, maharagwe makavu nayo yana sharti lake. Yakiwa mabichi, hasa yale mekundu, huwa na sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive. Vyungu vya umeme vinavyopika polepole, ambavyo vinapendwa sana ughaibuni, huenda visifikie joto la kuiondoa sumu hiyo. Ya kopo hayana hatari hiyo, kwani yameshaiva.

Kuna pia madini ya chuma, karibu miligramu 3 katika nusu kopo, ilhali mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huhitaji miligramu 14.8 kwa siku. Chuma cha mimea hakinyonywi kwa urahisi, na chai huzidi kukizuia. Sisi tuliozoea kushushia kila chakula kwa chai tunakipoteza bila kujua. Isubirishe chai hiyo kwa muda wa saa moja, na badala yake kula chungwa au kamulia ndimu katika maharagwe, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini.

Kwa wasikilizaji walioko Marekani, maharagwe ya huko hupikwa kwa namna nyingine. Rojo lake mara nyingi hutiwa asali ya miwa au sukari ya kahawia, hivyo utamu wake huzidi ule wa Uingereza, na makopo mengi huwa na vipande au mafuta ya nguruwe. Wanaojiepusha na nyama hiyo wasome orodha ya viungo iliyoko ubavuni mwa kopo, wakitafuta maneno "pork", "bacon" na "lard". Picha iliyoko mbele huonyesha maharagwe tu.