Njia ya Kufikia Maonesho ya Kitaifa ya Sayansi Huanzia Nyumbani

Kila yanapotangazwa majina ya vijana walioshinda katika maonesho ya kitaifa ya wanasayansi chipukizi, wazazi huulizana: hawa wametoka wapi, na wa kwetu walikuwa wapi? Aghalabu wa kwetu walikuwapo, ila hawakupata habari mapema; au walizipata, nasi tukawazuia.

Maonesho hayo huandaliwa na taasisi ya Young Scientists Tanzania, maarufu kwa jina la YST, iliyoasisiwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry. Mfano wake ulitoka Ireland, ambako wanafizikia wawili, Tom Burke aliyekuwa padri na mwenzake Tony Scott, walianzisha maonesho ya namna hiyo mjini Dublin mwaka 1965. Hapa kwetu wameshiriki wanafunzi wa sekondari wa Bara na Visiwani.

Utaratibu wake si mgumu. Wanafunzi wawili huungana chini ya mwalimu mlezi, wakachagua swali, wakaandika andiko fupi la mradi na kuliwasilisha. Wataalamu huyapitia maandiko, na yaliyochaguliwa ndiyo yanayoendelea hadi Dar es Salaam, ambako kila kundi husimama mbele ya bango lake likahojiwa na majaji. Hapo mwalimu hawezi kuwajibia, wala mzazi.

Basi ni swali gani linalofaa? Wengi hudhani lazima mtoto aunde mashine. La hasha. Hata uchunguzi wa tabia na maisha ya jamii ni sayansi. Tuchukue jambo ambalo kila mama analijua: maharage kutobolewa na wadudu ghalani. Bibi husema weka majani ya mwarobaini. Je, ni kweli? Vijana wawili wanaweza kuchukua makopo sita yaliyo sawa, wakatia katika kila kopo punje 100 za maharage ya gunia moja. Makopo matatu yatiwe unga wa majani makavu ya mwarobaini uliopimwa, matatu yaachwe vivi hivi ili yawe ya kulinganishia. Yote yakae mahali pamoja, na kila wiki zihesabiwe punje zilizotobolewa. Kwa nini matatu na si moja? Kwa sababu kopo moja linaweza kudanganya; pengine wadudu walikwishaingia tangu gulioni.

Kazi hiyo haina gharama kubwa. Inachohitaji ni daftari, subira, na rafu ambayo hakuna atakayeigusa. Hapa ndipo familia huingia, na hapa ndipo tunapokosea mara nyingi. Maharage ya utafiti hupikwa! Au kijana akikaa kuhesabu punje zake huambiwa anacheza, aende akasome.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Wapo wazazi ambao, kwa mapenzi tu, humtafuta mtu mzima awafanyie watoto mradi mzima. Majaji wakiuliza kwa nini wiki ya nne idadi ilipungua ilhali punje iliyotobolewa haizibiki, watoto hubaki kutazamana. Aliyehesabu mwenyewe atasema, bila kuona haya: tulikosea kuhesabu, na kosa lenyewe tumeliandika katika daftari. Jibu hilo lina thamani kuliko bango la rangi nne. Aidha, ikidhihirika kwamba mwarobaini haukusaidia kitu, hayo nayo ni matokeo, na kuyabadilisha ili kumfurahisha jaji ni kuvunja amana.

Tuseme na jambo la mabinti, maana ndilo linalotuletea maswali mengi. Baba mmoja alitueleza kwamba binti yake alichaguliwa, naye akakataa asisafiri. Hatukumlaumu kwa kuogopa. Mzazi asiyeogopa ndiye wa kushangaza. Tulimwuliza tu kama alikwenda shuleni kuuliza nani anafuatana nao, watalala wapi, na kama amepewa namba ya simu ya mwalimu wa kike. Hakwenda. Mwenzake binti yule alibaki na mradi wa watu wawili mikononi mwa mtu mmoja.

Yaliyoko mbele si madogo. Washindi wa jumla wa miaka kadhaa wamepata ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kutoka mfuko wa Karimjee Jivanjee, na wapo waliopelekwa Dublin kuona maonesho ya wenzao. Lakini hata asiyeshinda hurejea akijua kujieleza mbele ya wageni.

Yule baba alituaga akisema Jumatatu atakwenda kuonana na mwalimu. Binti yake amebakiza mwaka mmoja shuleni, na daftari bado analo.