Televisheni ya Chogo Kuwa Kioo cha Kompyuta



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wa Hedaru, huenda nyumbani kwenu ipo televisheni ya chogo iliyofunikwa kitambaa. Ni nzima, lakini haina kazi. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa nchini Disemba 31, 2012, kwa kuanzia Dar es Salaam. Wengi waliziokoa televisheni zao kwa king'amuzi na waya wa rangi tatu: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kwa njia hiyohiyo televisheni hupokea picha ya kompyuta, na mwanafunzi asiyeweza kununua kioo kipya akapata pa kujifunzia.

Kompyuta tunayoizungumzia ni ya ubao mmoja, Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Tunaeleza toleo la 4, la mwaka 2019. Tundu la picha analo, ila limezimwa tangu kiwandani, kwa kuwa kuliwasha hupunguza kasi ya kompyuta.

Kwanza, waya. Plagi ya upande wa kompyuta ni kama ya hedifoni, ila ina sehemu nne. Kuanzia nchani: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, ardhi, kisha picha. Nyaya za kamera za zamani hufanana nayo, lakini baadhi zimepangwa vingine na picha haitoki. Ulizia mpangilio kabla ya kununua.

Pili, mafaili. Chomeka kadi ya memori kwenye kompyuta nyingine. Fungua faili la config.txt, utafute mstari huu na kuuongezea neno la mwisho, bila nafasi:

dtoverlay=vc4-kms-v3d,composite

Kisha, mwishoni kabisa mwa faili, andika:

enable_tvout=1

Tatu, mfumo wa rangi. Usipoielekeza, kompyuta hutoa NTSC, mfumo wa Marekani wenye mistari 525. Televisheni zetu hutumia PAL, wenye mistari 625, hivyo picha yaweza kucheza au kukosa rangi. Fungua cmdline.txt. Faili hili ni mstari mmoja tu. Mwisho wake acha nafasi moja, uandike:

vc4.tv_norm=PAL

Rudisha kadi, washa, kisha chagua AV kwa rimoti. Tundu la HDMI litakuwa limezimika. Ukiyafuta maneno uliyoongeza, litarudi.

Je, picha itakuwa safi kama ya kioo kipya? Hapana. Mwanga na rangi vyote hupita katika waya mmoja wa njano, kwa hiyo vitu vyembamba huchanganyika. Jambo hili linatuhusu sana sisi. Kwa maandishi madogo ya Kiarabu, harakati hufifia na nukta hupotea. Taa ikasomeka baa au nuun. Kuza herufi, tumia nyeusi juu ya nyeupe, na kwa kusoma Qur'ani tegemeeni msahafu na mwalimu.

Mwisho, tunawasihi: msifungue mgongo wa televisheni. Ndani yake hubaki umeme mkali wa kuweza kuua hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Kazi yetu yote ni ya nje, kwenye matundu. Ikiwa bovu, mpelekeeni fundi.