Ziwa Lipandalo na Kushuka

Mama apandaye mashua Gaba, kando ya Kampala, na mzigo wake wa sabuni na chumvi wa kuuza visiwani, haulizi habari za ramani. Humtazama nahodha tu. Naye nahodha huitegemea kumbukumbu yake ya miamba, kumbukumbu ambayo ziwa lenyewe huigeuza.

Ramani ya majini ya Ziwa Viktoria ilianza kupimwa kwa makini mwaka 1898, na Kamanda Whitehouse wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Stanley alikwisha kulizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake, Lady Alice, lakini Stanley alikuwa mpita njia. Safari hii Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa, nao walitaka kujua gati liwekwe wapi na meli zipite wapi hadi Buganda. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mvuvi hakuwamo katika hesabu hiyo.

Upimaji wa siku zile ulikuwa kazi ya subira. Bildi, yaani risasi iliyofungwa kambani, hutupwa majini. Ikigusa chini, idadi ya pima husomwa na kuandikwa. Papo hapo hupimwa pembe za vilima vya nchi kavu, ili mahali pa chombo pajulikane. Kisha chombo husogea, bildi hutupwa tena. Mwamba mwembamba uliokaa kati ya mitupo miwili huweza kukosekana kabisa katika karatasi.

Zaidi ya hayo, bahari hupwa na kujaa kila siku kwa kadiri ijulikanayo, bali ziwa hili hubadilika kwa miaka. Mvua za 1961 hadi 1964 zililiinua zaidi ya meta 2. Mwaka 2006 kipimo cha Jinja kilishuka chini ya meta 11; Mei 2020 kikafika meta 13.42, maji yakaingia katika nyumba za ufukweni. Mwamba uliotoa kichwa mwaka 2006 ulikuwa umefunikwa mwaka 2020. Basi ramani isiyosema kina chake kimehesabiwa kutoka usawa gani wa maji ni mizani isiyo na jiwe.

Leo kuna mitambo inayopima kina kwa mwangwi wa sauti, nayo huona hata yale ambayo bildi iliyaruka. Mitambo hiyo ni ya meli. Mashua ya mbao itokayo Gaba alfajiri huwa na injini yake ndogo, abiria, na macho ya nahodha.