Mashine ya Kufyekea kwa Nyumba ya Pemba: Ununue Ipi?

Masika yakikolea Pemba, majani ya uwanjani hayamsubiri mtu. Wiki mbili tatu za mvua zinatosha ukoka kufika magotini, na njia ya kutoka barabarani mpaka barazani ikawa ya umande na hofu ya nyoka. Zamani jawabu lilikuwa panga, mundu au fyekeo, na kibarua wa mtaani akipatikana. Siku hizi mlio wa mashine ya kufyekea unasikika kuanzia Mkoani hadi Konde, na kila mwenye uwanja anajiuliza kama na yeye anunue.

Wengi wanaoingia dukani huanza kwa kuuliza injini ina nguvu kiasi gani. Mimi ningeanza na ardhi. Pemba ya magharibi ni vilima, udongo wa kina na mikarafuu. Pemba ya mashariki, hasa Micheweni, sehemu kubwa ni maweni. Kwenye maweni, kisu cha chuma kikigonga jiwe hupinda au humeguka, na kipande kilichomeguka huruka kwa kasi ya kumtoa mtu jicho. Huko kinachofaa ni kichwa cha uzi wa nailoni, ukijua kwamba mawe huula uzi haraka na itabidi ununue robota zima badala ya vipande. Kwenye shamba la magharibi lenye vichaka na miti pori, uzi hautoshi. Pale kisu cha meno kina kazi yake. Kwa hiyo chagua mashine inayokubali vyote viwili, yenye mpini ulionyooka wa chuma. Zile nyepesi zenye mpini uliopinda zimetengenezwa kwa bustani ndogo, na nyingi hazifungiki kisu.

Mwenye mikarafuu michanga asikilize hili kwa makini. Uzi wa nailoni unaonekana laini, lakini ukiuzungusha kwenye shina la mche mara mbili tatu unachuna ganda, na mche uliochunwa ganda duara zima hufa taratibu, wakati mwingine miezi baadaye, mwenyewe akidhani ni maradhi. Acha duara la futi mbili kuzunguka kila mche na upalilie kwa jembe. Hakuna mashine ya bei yoyote inayokuondolea kazi hiyo.

Sasa injini. Nyingi zinazouzwa kwetu ni za tu-stroki, zile ambazo petroli huchanganywa na oili kama vespa za zamani. Ni nyepesi, hazina mambo mengi ndani, na fundi aliyezoea injini ndogo anaweza kuzifungua. Udhaifu wake mkubwa ni mchanganyiko. Kijitabu kikisema 25 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili. Kikisema 50 kwa 1, inataka mililita 20. Mtu anayekadiria kwa kizibo cha chupa ndiye anayeua pistoni. Na kwetu kisiwani kuna mtego wa pili: nyumba nyingi za pwani zina oili ya mashine ya boti, na inaonekana ni ileile. Siyo. Injini ya boti hupozwa na maji ya bahari, ya kufyekea hupozwa na upepo na huchemka zaidi, na oili ya boti haikutengenezwa kwa joto hilo. Nunua oili ya tu-stroki ya injini zinazopozwa kwa hewa.

Za foo-stroki, mfano zenye injini ya Honda GX35 ya sentimita za ujazo 35.8, hazichanganywi. Petroli inakwenda peke yake, na oili ya injini ni mililita 100 tu, inayobadilishwa baada ya saa 10 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 50. Moshi ni mdogo na kelele ni za chini. Ila bei iko juu zaidi, na injini ya kuigiza yenye umbo hilohilo inauzwa karibu nayo. Ikiwa watakaoishika ni wengi nyumbani na huna hakika nani atachanganya sawasawa, nyongeza hiyo ya bei inalipa.

Kuhusu namba zilizopakwa kwenye kasha, usizitegemee. Mashine nyingi za bei nafuu huandikwa 52, yaani sentimita za ujazo 52. Fundi akifungua, kipenyo cha pistoni ndicho kitasema kweli: milimita 44 ni injini ya 52, milimita 40 ni ya 43. Na ya 43 inatosha kabisa kwa uwanja na shamba dogo, mradi umelipia bei ya 43.

Za betri zimeanza kufika, aghalabu kama zawadi ya jamaa wa nje. Umeme wa gridi tunao tangu 2010, ulipovushwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa hiyo kuchaji kunawezekana katika nyumba nyingi. Zinazotoka Oman au Dubai hazina tatizo: plagi ni ileile ya pini tatu na umeme unalingana na wetu. Za kutoka Kanada au Marekani ni shida.  Chaja yake ni ya volti 120. Ukiichomeka ukutani Wete bila kibadilisha umeme, umeipoteza. Tena betri kubwa inayozidi saa-wati 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, hata mkobani. Anayetaka kukutumia, mwambie atume fedha.

Hesabu ya fedha ifanye mwenyewe kwa bei za mtaani kwako. Kwa mfano tu, tuseme mashine ni shilingi 400,000, kibarua anachukua 20,000 kwa kufyeka uwanja mara moja, na wewe unafyeka mara 8 kwa mwaka. Kibarua atakula 160,000. Mashine yako itakula petroli, oili na uzi, tuseme 5,000 kila mara, yaani 40,000. Unaokoa 120,000 kwa mwaka, na bei ya mashine inarudi baada ya miaka mitatu na miezi minne, ikiwa haikuharibika. Kwa uwanja mdogo hiyo si biashara. Fyekeo zuri na tupa ya kulinolea vinatosha. Nyumba nne zikichanga laki moja moja, kila moja inarudisha fedha yake kabla mwaka haujaisha. Rai yangu kwa walio wengi ni hiyo ya kuchanga, lakini kwa sharti: mtu mmoja ndiye achanganye petroli, naye ndiye ashike mashine.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana kabureta, plagi, kamba ya kuwashia na kichwa cha uzi cha mashine hiyohiyo, na akuoneshe kwa macho. Kama vipuri ni vya kuagiza Kariakoo, ongeza nauli ya boti na wiki za kusubiri katika bei. Iwashwe mbele yako ikiwa baridi, izimwe, iwashwe tena ikiwa moto. Kasoro nyingi hujitokeza kwenye kuwasha kwa pili.

Nunua na miwani ya kazi siku hiyohiyo, na buti. Kabla ya kuwasha, uzunguke uwanja kwa miguu: kamba ya kufungia ng'ombe iliyofichika majanini hujisokota kwenye kichwa na kuvunja gia kwa sekunde moja. Karafuu zilizoanikwa ziondolewe, na watoto wakae mita zisizopungua 15 mbali. Msimu ukiisha, mwaga petroli iliyobaki tangini, kisha iache injini ingurume mpaka izimike yenyewe. Petroli iliyolala miezi mitatu ndani ya kabureta huacha utandu unaoziba tundu zake.