Mfuko wa Gazeti la Mashairi

Wasikilizaji, wengi hudhani ya kuwa gazeti dogo la mashairi hufa kwa kukosa waandishi. Sivyo. Waandishi wapo, kinachokosekana ni fedha ya karatasi, ya mpiga chapa na ya posta, nayo hudaiwa kila mwezi, gazeti liuzwe lisiuzwe. Na likimtegemea tajiri mmoja, siku atakapochukizwa na shairi, ama shairi litaondolewa, ama gazeti litakufa.

Na tutazame alivyofanya Bibi Harriet Monroe, mshairi wa mji wa Chicago, Marekani. Kabla ya kupiga chapa ukurasa wowote aliwaendea watu wa mji wake, akapata wapatao 100 walioahidi kutoa kila mmoja dola 50 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 5. Jumla yake ni dola 5,000 kila mwaka. Mwaka 1912 akalitoa gazeti lake, Poetry, akawalipa washairi wake. Mtoaji mmoja akikasirika, ilipungua sehemu moja tu katika mia.

Kwa hiyo aliweza kuwapokea wageni. Mwaka 1915 alichapisha shairi la T. S. Eliot, kijana ambaye wachache tu walimjua. Mwaka 1948 kijana huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Gazeti lenyewe latolewa hata leo.

Basi atakaye kuanzisha gazeti, hata la shule, yafaa aanze na daftari ya ahadi, tena za watu wengi. Haba na haba hujaza kibaba.