Je, Wajua? Thika ya Kitabuni na Thika ya Runingani

Je, wajua kwamba Thika iliwahi kuoneshwa kwenye runinga za Uingereza kwa vipindi 7? Ilikuwa mwaka 1981, mchezo wa Thames Television uitwao The Flame Trees of Thika, kutokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959. Hapa kwetu Kamenu, mjini Thika, mtu akisikia "miti ya moto" ya jina hilo hufikiria kifabakazi, ule mti wa maua mekundu ambao watoto huchuma matumba yake, wakayabana kwa vidole na kurushiana maji. Shati la shule likipata doa la maji hayo, mama atajua tu ulipitia wapi.

Kitabu kinaanzia Nairobi, kwenye mkokoteni unaovutwa na ng'ombe wanne. Safari ni ya siku mbili, kuelekea mahali ambapo wakati huo palikuwa jina tu kwenye ramani. Leo ni kilomita 45 hivi, na foleni ya Githurai ikikuhurumia, saa moja haiishi. Mito ya Chania na Thika bado inakutana karibu na hoteli ya Blue Posts, ambayo ilifunguliwa 1908, kabla Elspeth hajatia mguu nchini.

Je, wajua kwamba Tilly na Robin, wazazi wa kitabuni, ni majina ya kubuni? Wazazi wa kweli walikuwa Nellie na Jos Grant. Kitabu kinajiita kumbukumbu za utotoni, lakini mwandishi alikuwa amevuka miaka 50 alipokitoa, na sidhani kuna mtoto anayebeba mazungumzo ya watu wazima neno kwa neno muda wote huo. Anayetaka kumsikia Nellie mwenyewe asome barua zake, alizozichapisha binti yake mwaka 1980.

Tofauti inayonivutia zaidi ni umri. Elspeth alizaliwa 1907, akafika huku 1913, mtoto wa miaka 6 hivi. Runingani aliigizwa na Holly Aird, aliyezaliwa 1969, kwa hiyo alikuwa na miaka 11 au 12. Kitabuni, jirani Lettice Palmer anapompenda mwanamume asiye mumewe, mtoto anaona tu watu wazima wakinyamaza ghafla. Akili yake iko kwa Twinkle, paa wake mdogo, na farasi wake Moyale. Mtoto wa miaka 11 hafichwi hivyo. Ukimtazama usoni unajua ameshaelewa, na hadithi inageuka kuwa ya mapenzi ya wakubwa. Hayley Mills, aliyeigiza Tilly, naye alikuwa nyota tangu utotoni, basi macho yakamfuata yeye.

Kilichobaki kilekile kotekote ni kungoja. Familia ilikuja kulima kahawa, na mbuni huchukua miaka mitatu au minne kuanza kuzaa vizuri. Vita vya 1914 vilibisha hodi mapema kuliko kahawa, na familia ikatawanyika.

Na je, wajua kwamba Huxley huyohuyo alikuwa ametoa Red Strangers mwaka 1939, miaka 20 kabla? Hicho kinafuata ukoo wa Kikuyu tangu kabla ya walowezi kuja. Mimi sijaona filamu yake. Kitabuni humo Mzungu ndiye anayetazamwa, na watu hawaelewi anatafuta nini.